Vyombo vya Uzazi na Njia ya Kupanda Mbinga

Atokaye Mbamba Bay kwenda Mbinga hana budi kupanda. Ziwa Nyasa limelala katika kimo cha kadiri ya mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo, iliyosimama nyuma yake upande wa mashariki, yapita mita 1,300. Siku hizi barabara ya lami imeikata milima hiyo, na safari iliyokuwa ya taabu imekuwa nyepesi. Lakini kwa muda mrefu mwanamke wa mwambao aliyeshikwa na utungu usiokwisha alikuwa na njia mbili tu: kupandishwa kwa machela mabegani mwa wanaume, au kupakiwa katika mtumbwi na kuomba ziwa litulie. Vitabu vya utabibu huianza historia ya vyombo vya uzazi London na Paris. Mimi naona yafaa mara moja tuisome kwa kuanzia hapa, kwenye njia ya kupanda, kwa kuwa hapa ndipo laonekana wazi swali ambalo vitabu hivyo hulipita upesi: chombo ki mkononi mwa nani, nacho kitamfikiaje mwenye utungu?

Kabla ya kuvitazama vyombo, tuyatazame maneno. Kiswahili chasema mwanamke "amejifungua". Kwa sarufi yake tendo hili ni lake mwenyewe. Alikuwa amefungwa, naye amejitoa kifungoni. Tunalo pia neno "kuzalisha", ambalo mtenda wake ni mkunga au mganga, na kwa hiyo mwanamke "huzalishwa". Mwisho tunalo neno "kupasuliwa", ambalo ndani yake mwanamke amelala na kisu ki mkononi mwa mtu mwingine. Maneno haya matatu hayana ugomvi. Kila moja lina saa yake, na mara nyingi lile la tatu ndilo lililookoa roho mbili. Walakini twaweza kuyatumia kama mizani. Kila chombo kilichopata kuvumbuliwa kwa ajili ya uzazi chaweza kuulizwa: je, kilimsaidia mwanamke ajifungue, au kilimgeuza kuwa kitu cha kufanyiwa kazi?

Chombo cha kwanza chenye sifa kubwa katika historia ya Ulaya ni koleo la uzazi. Mwaka 1569 William Chamberlen, Mprotestanti wa Ufaransa, aliikimbia nchi yake kwa ajili ya mateso ya dini akahamia Uingereza pamoja na jamaa yake. Mwanawe Peter ndiye ahesabiwaye kwa kawaida kuwa mvumbuzi wa koleo. Lilikuwa na vipande viwili vilivyopindwa mfano wa miiko mikubwa. Kila kimoja huingizwa peke yake kando ya kichwa cha mtoto, kisha viwili hufungamanishwa na mtoto huvutwa. Fikira hiyo ya kuvitenganisha vipande na kuviunga ndani ndiyo iliyokuwa hekima yake yote, na kwa hekima hiyo mtoto ambaye zamani angalitolewa vipande vipande aliweza kutoka hai.

Jamaa ya Chamberlen waliificha siri hiyo kwa zaidi ya miaka 100, wakirithishana baba na mwana. Mwaka 1670 mmoja wao, Hugh, alikwenda Paris kutaka kuiuza kwa mganga mashuhuri François Mauriceau. Alipewa mwanamke mwenye nyonga zilizolemaa ili aonyeshe uwezo wake. Alijaribu kwa saa kadhaa akashindwa, na mwanamke yule akafa. Mwaka 1813 koleo zao zilionekana zimefichwa chini ya sakafu ya nyumba yao ya zamani huko Woodham Mortimer, katika jimbo la Essex. Wakati huo hazikuwa siri tena, maana katikati ya karne ya 18 waganga kama William Smellie walikwisha kuieneza elimu ya koleo kwa wanafunzi wao. Lakini hapana awezaye kuhesabu wanawake waliokufa London katika mitaa jirani na nyumba iliyokuwa na chombo cha kuwaokoa. Tumezoea kuwalaumu wakunga wetu wa jadi kwamba walizificha dawa zao na kufa nazo. Lawama hiyo yaweza kuwa na haki. Lakini ikiwa ni haki, basi na iwafikie Wachamberlen pia, ambao vitabu vyawataja kwa heshima. Tena koleo, lilipotoka katika siri, lilikaa mikononi mwa wanaume. Mkunga mwanamke wa Uingereza aliachiwa uzazi mwepesi, na uzazi mgumu ukawa wa mwenye chombo.

Sasa natuvuke tuje kwetu. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa bado mwanafunzi wa utabibu, alipita Bunyoro, katika nchi iitwayo Uganda leo. Mahali paitwapo Kahura aliona upasuaji wa kumtoa mtoto, na mwaka 1884 habari zake zilichapishwa Edinburgh. Mwanamke alikuwa kijana wa kadiri ya miaka 20, na mimba ilikuwa yake ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu. Kwa pombe hiyo hiyo mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa. Alipasua kwa mkato mmoja chini ya kitovu, na msaidizi wake akagusa kwa chuma cha moto mahali palipotoka damu. Mtoto alitolewa, kondo la nyuma likatolewa, na mji wa mimba ukabanwa kwa mkono hata ukajikaza. Kisha kidonda kilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma, iliyosuguliwa vizuri, ikazungushiwa uzi wa gome la mti. Juu yake iliwekwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, likafuata jani la mgomba lililopashwa moto. Kuanzia siku ya tatu misumari ilianza kuondolewa kidogo kidogo, na wa mwisho ulitoka siku ya sita. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, mama na mtoto wakiwa hai.

Ili msomaji aupime uzito wa habari hii, na akumbuke kwamba katika miaka hiyo mwanamke wa Ulaya aliyepasuliwa vivyo hivyo alikuwa na tumaini dogo sana la kuishi. Ni mwaka 1882 ambapo Max Sänger wa Leipzig alifundisha njia thabiti ya kuushona mji wa mimba, na toka hapo vifo vikaanza kupungua. Wapasuaji wa Bunyoro walikuwa na kitu cha kuua vijidudu, kitu cha kutuliza maumivu, kitu cha kuzuia damu na kitu cha kufungia kidonda; na kila kimoja kilitoka katika migomba, miti na viwanda vya wahunzi wao wenyewe. Mtu hawi na misumari iliyosuguliwa tayari kwa kazi ambayo haijafanywa kabla. Felkin alitueleza kila hatua ya mkono wa mpasuaji yule, lakini jina la mpasuaji halikuingia katika historia, wala la mwanamke.

Majina ya wanawake wengine watatu tunayo, nayo yatoka mahali pa huzuni. Huko Montgomery, katika jimbo la Alabama, Marekani, mganga James Marion Sims alianza mwaka 1845 kutafuta tiba ya fistula. Maradhi haya huwapata wanawake ambao utungu wao umekaa siku nyingi bila msaada: kichwa cha mtoto huibana nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na kibofu, nyama hiyo hufa, na hubaki tundu la kupitisha mkojo mchana na usiku. Sims alijaribu tiba yake katika miili ya watumwa, na miongoni mwao walikuwamo Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alikuwa msichana wa miaka 17 hivi aliyekaa katika utungu siku tatu. Alipasuliwa karibu mara 30 katika miaka minne. Dawa ya nusukaputi ilipoonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, Sims hakuitumia kwa wanawake hawa. Wasaidizi wake wazungu walipochoka wakamwacha, wanawake wenyewe walijifunza kazi, wakawa wanashikana na kuhudumiana. Mwaka 1849 alitumia uzi wa fedha, na tundu la Anarcha likaziba.

Katika kazi hiyo kilipatikana chombo kingine. Sims alikunja mpini wa kijiko ili aweze kuona ndani, na toka kijiko hicho kikatengenezwa chombo chenye jina lake, ambacho wapasuaji wangali wakikitumia. Kila mwanamke wa Tanzania aliyepona fistula, katika hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam au mahali pengine, amepona kwa elimu ambayo mizizi yake yafika kwa Anarcha. Deni hilo haliwezi kulipwa, bali laweza kutajwa. Mwezi wa Aprili 2018 sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya Central Park, New York; na mwaka 2021 huko Montgomery zilisimamishwa sanamu za wanawake watatu wale. Hata hivyo kosa lingine halikuondolewa na sanamu yoyote: fistula ni maradhi ya kuchelewa. Mpasuaji huziba tundu. Kinachozuia tundu ni kufika mapema. Na hapa twarudi kwenye njia ya kupanda Mbinga.

Utabibu wa Ulaya uliingia Nyasa kwa maji. Misheni ya Vyuo Vikuu, iitwayo UMCA, ilifanya makao yake katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na mwaka 1899 akaja Dakta Robert Howard kuisimamia kazi ya uganga. Mwaka 1901 meli Chauncy Maples, iliyotengenezwa Glasgow na kuletwa vipande vipande, ilishushwa ziwani ikawa shule, kanisa na zahanati yenye kuelea. Ilipita vijiji vya mwambao kwa zamu. Lakini utungu wa uzazi hauna zamu wala haungojei honi ya meli. Upande wa milimani Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, walianzisha misheni ya Litembo mwaka 1914. Hivyo baada ya miaka wilaya ilipata hospitali ya Kianglikana chini ziwani, huko Liuli, na hospitali ya Kikatoliki juu ya milima, huko Litembo. Kati ya hizo mbili na vijiji vyake zilibaki njia za miguu.

Katika mikoba ya wauguzi wa zamani hizo kilikuwamo chombo ambacho mimi nakipa heshima kuliko koleo. Ni kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, alichokitengeneza Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Hakina umeme, hakina kioo, hakina kitu cha kuharibika. Ni mti uliotobolewa, au siku za baadaye aluminiamu. Mkunga huweka mdomo mpana juu ya tumbo, sikio lake kwenye upande mwembamba, akahesabu mapigo kwa saa yake. Mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni salama. Yakishuka au yakipita mno, mtoto yuko hatarini. Chombo hiki hakimvuti wala hakimkati mtu. Kazi yake ni kumpa mkunga habari, na mwanamke angali akijifungua mwenyewe. Tena chaweza kuchongwa na fundi yeyote mwenye mkono mwepesi.

Lakini habari peke yake haipandi mlima. Mkunga wa Lituhi au Liuli akisikia mapigo yanadhoofika, afanye nini? Swali hili lilizidi uzito baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilipoeneza zahanati vijijini kwa wingi katika miaka ya 1970. Lilikuwa tendo kubwa la haki. Likaleta pia hali mpya: mwuguzi mmoja, taa ya mafuta ya taa, wembe, uzi, mkasi, na mwanamke ambaye utungu wake haujulikani kama ni mrefu tu au umekwama. Akimpeleka kila mzazi mlimani, wachukuzi watachoka bure na watu hawatamsikiliza tena. Akingoja mno, atampeleka maiti. Wala koleo la Chamberlen wala kijiko cha Sims havikuweza kumwambia saa ya kuondoka.

Aliyepewa jibu alipewa kwa karatasi. Mwaka 1954 Emanuel Friedman wa New York alichora jinsi mlango wa mji wa mimba ufungukavyo saa kwa saa. Mwaka 1972 R. H. Philpott na W. M. Castle, waliokuwa wakifanya kazi Salisbury, mji uitwao Harare leo, waliitwaa fikira hiyo wakaigeuza kuwa chombo kwa ajili ya wakunga wa zahanati zilizo mbali na daktari. Waliongeza mistari miwili ya mshazari. Mstari wa kwanza ni wa tahadhari: mlango usipofunguka sentimita moja kwa saa, alama za mkunga huuvuka. Mstari wa pili ni wa kutenda, nao umechorwa saa 4 mbele ya ule wa kwanza. Karatasi hiyo ndiyo patografu.

Na tuitafakari nafasi ile ya saa 4. Kwa nini mistari isiwe mmoja? Kwa sababu kati ya kuonywa na kutendewa kuna safari. Nafasi tupu katika karatasi ni njia: ndani yake mna machela, mtumbwi, gari linalotafutwa, mto uliofurika, na mlima. Kwa mara ya kwanza wavumbuzi walikiingiza kijiji ndani ya chombo chenyewe. Koleo lilitengenezwa kana kwamba mganga yuko mlangoni siku zote. Patografu ilitengenezwa na watu waliojua kwamba hayuko. Ndiyo maana nasema kwamba kwa mwambao wa Nyasa huu ulikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko wa chuma chochote. Baada ya mkutano wa uzazi salama uliofanywa Nairobi mwaka 1987, Shirika la Afya la Dunia liliieneza, na jaribio lililochapishwa mwaka 1994, la wanawake zaidi ya 35,000 wa Asia ya Kusini-Mashariki, lilionyesha kwamba utungu wa muda mrefu ulipungua pale ilipotumiwa.

Hata chombo hiki hakikusalimika na makosa. Uchunguzi uliofanywa Nigeria na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wanawake wengi hufunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa na huzaa salama. Mwaka 2020 Shirika la Afya la Dunia lilitoa mwongozo mpya, usio na mstari ule wa tahadhari. Hapa pana jambo la kufurahisha mwanahistoria. Anarcha alitoa elimu bila kuulizwa. Wanawake wa Uganda waliisahihisha elimu ya dunia kwa kuhesabiwa tu jinsi walivyojifungua. Lakini mwenye kuufuta mstari asiifute njia. Mwuguzi wa zahanati ya mbali angali akihitaji kujua saa ya kuita gari.

Vyombo vya zamani zetu vimeufuata mwendo huo. Dakta Sayeba Akhter wa Bangladesh alifunga kondomu kwenye mpira wa kutolea mkojo, akaiingiza katika mji wa mimba na kuijaza maji ya chumvi ili izuie damu baada ya kuzaa. Habari zake zilichapishwa mwaka 2003, na njia hiyo ikaenea hata Afrika Mashariki. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, lililofanywa Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania kwa wanawake zaidi ya 210,000, shuka ya plastiki yenye alama za kupimia damu, pamoja na matibabu yatolewayo kwa mkupuo mmoja, ilipunguza matatizo makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Zamani damu ilikadiriwa kwa jicho, na jicho lilikuwa likidanganya. Kipembe cha Pinard nacho kimepata ndugu: chombo cha Kinorwe, kilichojaribiwa Muhimbili na Haydom, hufungwa tumboni na kutoa sauti ambayo mama mwenyewe aweza kuisikia. Kimepewa jina la Kiswahili, Moyo.

Hesabu za taifa zatia matumaini. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hesabu za namna hii ni za makadirio, na sababu zake ni nyingi: hospitali, damu ya kuongezewa, wauguzi, barabara. Mimi sithubutu kumpa sifa yote mwenye chombo. Barabara ya Mbinga nayo ni chombo cha uzazi, ijapokuwa haikai katika kabati la hospitali.

Wamatengo wana mashimo ya ngoro. Katika miteremko mikali hulaza nyasi kwa mistari yenye kukutana, wanawake huzifunika kwa udongo wa mashimo wanayoyachimba katikati, na mvua hukaa shimoni badala ya kubomoa mlima. Hapana ajuaye nani aliyeanza. Wageni wenye elimu ya kilimo wamekuja kuyapima na kuyasifu, lakini mwenye sifa hayupo katika vitabu. Nayafananisha mashimo hayo na misumari saba ya Bunyoro. Uvumbuzi wetu mwingi umekaa katika mikono isiyoandika, na wajibu wa msomi wa leo ni kuiandika mikono hiyo kabla haijasahauliwa, bila kuipamba na bila kuidharau.

Wapo wanafunzi wanaoniuliza kwa nini mwalimu wa lugha ashughulike na koleo na kipembe. Jibu langu ni kwamba lugha ililijua jambo hili kabla ya hospitali. Wazee wetu walipolichagua neno "kujifungua" walikuwa wameweka kipimo cha kila chombo kitakachokuja. Kisu kina siku yake, na katika siku hiyo tukibariki. Lakini kazi kubwa ya uvumbuzi ni kuhakikisha kwamba mwanamke wa Lituhi anayeweza kujifungua anajifungua kwa amani, na kwamba yule asiyeweza anajulikana mapema, njia ikiwa bado ina nafasi ya kumpandisha.